Njoo Uone kwa Macho Yako

Beni, Mabakanga, 11 Agosti 2002

Yaya Jokébed, dada yangu,

Natumaini karatasi hii inawakuta wazima, wewe na Mama Sophie, na kwamba baridi ya Butembo haijawashika kifua. Mimi niko mzima. Najua sijaandika tangu Pasaka. Sikuwa na la kuandika.

Leo ninalo. Yaya, kuna jambo limeingia katika maisha yangu. Siwezi kuliandika hapa, na nakuomba usinilazimishe. Barua hupita mikononi mwa watu, na jambo lenyewe si la kuelezwa kwa karatasi. Nikikueleza nusu utaelewa vibaya. Ninachoweza kusema ni kwamba usingizi umenirudia. Asubuhi naamka nikiwa na sababu ya kuvaa vizuri. Nilikuwa nimekata tamaa, wewe unajua, lakini sasa naona nyumba hii itasimama tena.

Njoo Beni Jumamosi yoyote kabla ya mwisho wa mwezi. Usiwaambie watu wengi. Kama kuna mtu mmoja unayempenda na kumwamini, mlete. Mathe, dereva wa lori la mbao aliyekupa barua hii, atakuwekea nafasi mbele kwenye camion. Usiniulize kitu. Njoo uone kwa macho yako.

Wifi yako,
Hulda


Butembo, Mususa, 19 Agosti 2002

Hulda, Hulda, Hulda!

Cherehani yangu haijalia kwa kazi ya wateja tangu Mathe alete barua. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaenda kumsomea Mama kwa sauti. Alikuwa anachambua maharagi. Nilipomaliza akaniambia, "Rudilia tangu mwanzo." Nikarudia. Halafu akasimama, maharagi yakamwagika yote, akaanza kucheza pale uani, yeye mwenye magoti mabovu! Majirani wakaja mbio kuuliza. Ulisema nisiwaambie watu wengi, lakini nani atamfunga mdomo mama ambaye mtoto wake amerudi baada ya miaka miwili?

Hukuandika jina lake, na nimeelewa. Mtu anayetoka upande wa Isiro siku hizi, kila mwenye bunduki atataka kujua alikuwa kwa nani na alifanya nini huko. Umefanya vizuri kumficha. Jina silitaji mimi pia.

Jana kanisani tulitoa sadaka ya shukrani. Sikusema ni ya nini, nilisema tu Mungu ametenda. Lakini Mama aliwashika mikono mamama wa kwaya, wakacheza naye mpaka nje, kwenye matope, na viatu vyao vya Jumapili. Kila mtu amekwisha kujua.

Sasa niambie hata kidogo. Amekonda? Anakohoa? Anacheka bado na lile pengo la meno? Alipokwenda Isiro na magunia yake ya chumvi nilimwambia asipite Komanda, hakunisikia, ndugu yangu huyu ana kichwa kigumu tangu tumboni. Natuma shati nililomshonea usiku huu. Nimetumia vipimo vya zamani. Likimzidi, lirudishe na Mathe nilipunguze.

Nitakuja mara tu nikimaliza nguo za harusi ya mtu mmoja hapa. Mama anasema naye atakuja.

Nakukumbatia, na huyo mwingine pia,
Jokébed


Beni, 24 Agosti 2002

Yaya,

Keti kwanza.

Si Manassé. Bwana yangu hajarudi. Sijui yuko wapi, kama nilivyokuwa sijui wakati wa Pasaka. Nimesoma barua yako nikaenda kukaa jikoni, kwa sababu shati lilikuwa limelala mezani na sikutaka kuliona. Nisamehe. Sikufikiri hata mara moja kwamba mngeelewa hivyo.

Jambo lenyewe ni biashara. Inaitwa Matawi. Kuna bwana anaitwa Éliakim, alitoka Kampala mwezi wa sita, anafundisha kila Jumamosi katika salle, ukumbi mmoja hapa mjini. Tunauza sabuni ya mitishamba na chai ya kusafisha damu. Lakini faida kubwa haitoki kwa kuuza, inatoka kwa kuingiza watu. Wewe unaingiza wawili, mmoja mguu wako wa kulia, mwingine mguu wa kushoto, na hao nao wanaingiza wawili wawili. Bwana Éliakim ametufundisha kwamba ukimwandikia mtu usiseme ni nini. Ukisema "sabuni" atakataa kabla hajasikia. Mwamshe hamu tu, aje mwenyewe. Donc, basi, nilifanya vile tulivyofundishwa.

Najua huu si wakati wake, lakini nisiposema sasa sitasema tena. Mguu wangu wa kulia ni Bénite, mwalimu mwenzangu wa zamani. Mguu wa kushoto hauna mtu. Nilikuwekea wewe nafasi hiyo. Una atelier ya kushona, wanawake wanaingia kwako kila siku kupimwa nguo, na wakiwa wamesimama na mikono juu wanakusikiliza. Hakuna mtu Butembo nzima anayefaa kuliko wewe.

Tafadhali fikiri kabla ya kukataa.

Hulda


Butembo, 6 Septemba 2002

Hulda,

Nimefikiri. Nimefikiri mpaka nikashona mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia, nguo ya bibi harusi.

Sabuni! Mama yangu alicheza kwenye matope kwa ajili ya sabuni!

Sasa nisikilize mimi. Hapa Butembo sisi ni watu wa biashara. Baba alibeba maharagi kichwani mpaka Kamango kabla hujazaliwa. Mtu anauza kitu kinachoonekana, mwingine anakinusa, anakibonyeza, anakataa bei, anaondoka, anarudi, anakinunua. Hakuna anayeitwa "njoo uone" asiambiwe kitu gani. Na hiyo miguu yako: mimi niingize wawili, hao wawili, hao tena wawili. Kufikia Noeli Mususa nzima itakuwa inauza sabuni. Nani atakuwa anaoga?

Na huyo Éliakim, mama yake ni nani? Baba yake alikaa wapi? Nyumba yake iko quartier gani, mtaa gani? Ukinijibu hayo matatu nitasikiliza mengine.

Mama sijamwambia. Siwezi. Kila asubuhi ananiuliza kama nimemaliza ile harusi ili tuondoke. Wewe ndiye uliyeandika ile barua, wewe ndiye utakayeandika nyingine, yake peke yake. Nitamsomea.

Jokébed


Beni, 15 Septemba 2002

Yaya mpenzi,

Nakuelewa unavyojisikia. Hata mimi nilijisikia hivyo mwanzoni. Lakini baadaye nilikuja kugundua kwamba biashara hii ni tofauti.

Unasema watu watajaa. Nakuelewa. Hata mimi niliuliza vile. Lakini niligundua kwamba kila siku watoto wanazaliwa na kila mtoto ataoga. Unauliza habari za Bwana Éliakim. Nakuelewa. Hata mimi nilikuwa na mashaka, lakini niligundua kwamba haifai kuangalia mtu, inafaa kuangalia nafasi. Anatuambia mtu akikataa hakukatai wewe, anakataa bidhaa, donc usiumie, gonga mlango unaofuata.

Nami nagonga, Yaya. Wiki hii nilienda kwa baba mmoja jirani yetu, nikamwambia kuna réunion, mkutano, Jumamosi. Akaniuliza, "Mama Hulda, hiyo réunion ni ya politike ao ya maombi?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa, "Ni ya maisha." Akasema, "Basi ni ya politike," akafunga. Nilicheka peke yangu mpaka nyumbani. Natumaini wewe pia umecheka.

Kwa Mama nitaandika. Nipe siku kidogo nipate maneno.

Nafasi yako bado ipo. Sijampa mtu.

Hulda


Butembo, 29 Septemba 2002

Mdogo wangu,

Nilicheka, ndiyo. Halafu nikasoma tena na sikucheka.

Umeniambia "nakuelewa" katika kila jibu. Najua sauti yako. Umekaa kwetu mwaka mzima kabla ya kuhamia Beni, tulilala chumba kimoja Manassé alipokuwa safarini, ulikuwa unanisema waziwazi kwamba mboga yangu ya sombe ni chungu. Mtu aliyeandika barua hii simjui. Huyo ni Éliakim anaongea kwa mkono wako.

Kwa hiyo sitajibu habari ya sabuni tena. Nakuuliza mimi, na usinijibu kwa maneno ya salle. Nani anakuja kwako? Jumapili unakula na nani? Ukiumwa, jirani gani anajua? Na kwa nini unabaki huko, wakati hapa kuna kitanda?

Barua ya Mama haijafika. Kila camion ya Mathe ikipita yeye yuko mlangoni. Amefua kile kitenge chake cha sherehe na kukikunja, kinangoja safari. Fanya haraka, Hulda, nakuomba. Hofu yangu ni kwamba atasikia kwa mtu mwingine.

Yaya yako


Beni, 10 Novemba 2002

Yaya,

Nimechelewa. Nilianza barua kadhaa nikazitia motoni.

Umeniuliza nani anakuja kwangu. Hakuna mtu. Naandika hivyo kwa sababu ulikataza maneno ya salle.

Kanisani kuna kundi la wajane, linakutana Jumatano. Nilienda, wakaniambia kwa upole, "Mama, bwana yako hajakufa, usijiitie kifo." Kuna kundi la mamama walioolewa, linakutana Alhamisi. Huko wanaongea habari za waume zao, nami nikiingia wanabadilisha mazungumzo. Sasa siendi popote. Na mwanamke ambaye bwana wake hayupo, Yaya, hana sababu ya kugonga mlango wa watu jioni. Akigonga, bibi wa nyumba anatoka yeye mwenyewe kumpokea, anamsimamisha nje. Nilikuwa nimemaliza siku tano bila kusikia sauti yangu, mpaka nikaanza kusoma maandishi ya kwenye kopo la maziwa kwa sauti.

Ndipo Éliakim akanipa begi. Nikiwa na begi nina sababu. Nagonga, wananiuliza "Mama, umeleta nini?", nakaa hata kidogo, nauliza habari za watoto. Nilijua wengi hawatanunua. Walipokataa nilifurahi kwamba kukataa nako kunachukua dakika. Mwisho hata hilo likaisha, wakinitambua kwa mbali wanaingia ndani. Bénite amenirudishia sabuni zake zote, akaziweka kizingitini bila kuniita.

Sirudi Butembo kwa sababu Manassé akirudi atakuja kwenye mlango huu. Ataukuta umefungwa, atafikiri nini?

Éliakim alivuka mpaka wa Kasindi mwezi uliopita, akasema anaenda kuleta bidhaa. Hajarudi. Salle yake imejaa watu wanaotoka Mambasa. Wanakuja kwa miguu kupitia Mangina, wengine hawana hata kitambaa cha kulalia, na wanayosimulia sitayaandika. Jumamosi nilienda na begi, miguu ilinipeleka yenyewe. Nikamkuta mama mmoja ameketi kwenye mkeka, nikaanza vile nilivyozoea, "Mama, ungependa kusikia jambo..." Akaniangalia, akasogea. Akaniambia, "Weye unaonekana umechoka kupita siye. Ikala kwanza." Nikakaa. Nikaweka begi chini. Baadaye niliwauliza wote, mmoja mmoja, kama wamemwona mtu mrefu mwenye pengo la meno aliyekuwa anauza chumvi. Hakuna aliyemwona.

Kwa Mama nimeshindwa. Kila nikiandika "Mama mpendwa" mkono unakataa. Mwambie wewe, Yaya, nakupigia magoti. Na lile shati nimelining'iniza nyuma ya mlango, silivumilii wala sitaki kulitoa.

Mguu wa kushoto usahau. Nilitaka tu uje.

Hulda


Butembo, 25 Novemba 2002

Hulda,

Mama ameondoka!

Barua yako ilifika Jumanne. Nilijipa mpaka Jumapili, baada ya ibada, nimwambie mbele ya mchungaji. Ijumaa nilitoka kununua uzi. Niliporudi kitenge hakipo, begi halipo, kuku mmoja hayupo. Mamama wa kwaya ndio waliomsindikiza mpaka barabarani! Wamesema aliwaambia anaenda Beni kuona mtoto wake, hatangoja tena harusi za watu. Walimpa na unga. Mathe alimweka mbele.

Tunasikia mambo mabaya ya barabara ya upande huo. Sijalala. Atafika kwako akiuliza Manassé yuko chumba gani, na wewe utakuwa peke yako naye. Ni kosa langu, ningemwambia siku ileile ya Jumanne. Mshike vizuri. Usimwache asimame anapokusikia.

Niandikie hata neno moja.

Jokébed


Beni, 1 Desemba 2002

Jokébed mutoto wangu,

Ni mie Mama Sophie nasema, Hulda ndiye anaandika. Nimemuambia aandike vile nasema, hapana kutengeneza.

Nimefika muzima. Kuku ilikufa njiani, tulimukula ileile jioni. Basoda na bunduki yabo balisimamisha camion, moja akaniuliza, "Mama, unaenda wapi na vita hii?" Nikamujibu naenda kuona mutoto wangu. Akanisaidia hata kupanda tena, magoti haya.

Hulda alifungua mulango, akaona ni mie, akaanguka chini. Nikamuambia, amuka, ingiza unga. Akaanza kulia, anasema, "Mama, Manassé hayuko humu." Nikamuambia, najua.

Weye pia ulifikiri sijui. Ile siku ulinisomea barua nikakuambia urudilie, ulizani ni furaha. Nilikuwa namutafuta Manassé ndani. Bibi mwenye bwana yake amerudia anaandika kama amekonda, kama anakohoa, kama anauliza mama yake. Hata hawezi kuandika jina, hayo ataandika. Mule hamukuwa kitu. Mulikuwa mutu moja tu, Hulda, anasema iko muzima, na mie nikasikia hapana muzima.

Utaniuliza basi juu ya nini nilicheza. Mutoto, miaka mbili hakuna mutu aliniletea kitu ya kunichezesha. Kila mutu alikuwa ananiangalia na macho ya kilio. Zile siku mulitaka wote kucheza, weye, majirani, hata mamama ya kwaya. Nikasema, nitawapokonya hii? Na mie mwenyewe nilikuwa nataka. Nilijua na nikacheza. Ilikuwa muzuri. Usiku ya Siku ya Mungu nililia, weye ulikuwa unashona shati, hukusikia.

(Nimeacha kalamu kidogo. Amenigombeza. Naendelea. H.)

Kisha nikangoja munilete Beni. Muliogopa, kila mutu anaogopea mwenzake. Kama ningesema naenda kuona bibi ya mutoto wangu, mungesema, "Ngoja Mama, vita itulie kwanza." Nimeona vita tangu niko musichana, sijaona ile inatulia ili bibi ya mutoto asikae peke yake. Mais lakini mama anaenda kuona mutoto wake amerudia, hakuna mutu anamufungia njia. Banampa na unga. Nilibadanganya, Mungu ananiona, atanihesabia.

Ile sabuni nimeiona. Ni sabuni. Inatoa povu, inanuka majani. Hulda alinianzia, "Nakuelewa, Mama, hata mimi..." Nikamuambia, nyamaza, kula. Ingine tumepeleka kule kwa batu ya Mambasa, bafue nguo ya batoto. Ingine tutaiweka kwa soko, kwa meza, mutu anaona, ananusa, anabeba, anaenda. Hakuna kuita mutu réunion.

Jumatano tulienda wote babili kwa kundi ya bajane. Mie ni mujane ya kweli, hakuna mutu alinifukuza. Nikasema huyu ni mutoto wangu, anakaa penye nakaa. Bakatupa kiti.

Nitumie blanketi yangu na jembe, ile ya mupini mufupi. Nyuma ya nyumba kuna shamba imelala bure. Sirudi sasa. Usinililie, na usitume mutu kunichukua.

Siku ya Mungu simama kwa kanisa, mbele ya bale balicheza na mie. Uwaambie sawasawa, hapana kuficha: Manassé hajarudia. Bakikuuliza basi Mama Sophie alienda kuona nani, sema alienda kwa mutoto wake Hulda, na bako kule babili, banangojea.

Mama yako,
Sophie

na Hulda